Mama Kwetu Alivyorudi Kwao

Katika chumba cha kufulia cha hospitali ile ya ng'ambo, wengi hawakulijua jina lake. Walimwita Mama Kwetu, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Mvua ikishinda inanyesha, alisema kwetu mvua inanyesha ikakoma, watu wakaendelea na shughuli zao. Jirani akipita bila salamu, kwetu mtu hapiti hivyo. Nyanya za kule hazikuwa na ladha, jua halikuwa na joto, hata maji ya bomba yalikuwa na kasoro ambayo ya kwetu hayakuwa nayo. Mwenzake mmoja aliyetoka upande wao ndiye aliyelianzisha jina, kwa utani, na wale wengine wa mataifa mengine wakalidaka bila kujua maana yake. Naye alicheka nao, lakini hakuacha.

Kazi yake ilikuwa shuka. Zilitoka kwenye mashine ya kukaushia zikiwa bado na joto, zikapita kwenye rola kubwa la pasi, kisha wanawake wawili wakazishika kila mmoja upande wake, wakazikunja. Mwenzake wa upande wa pili alikuwa mama mmoja ambaye yeye alimwita Mrefu, mgeni vilevile, kutoka nchi nyingine kabisa. Lugha ya wenyeji wote wawili waliiokota kazini, na waliyoiokota haikuwa nyingi. Basi hawakuzungumza sana. Walisogeleana na shuka, vidole vikagusana, wakaachana, wakasogeleana tena, miaka ikaenda. Mrefu alijua lini kichwa kinamuuma mwenzake. Siku hizo aligeuza feni upande wake bila kuulizwa. Chungwa lake la mchana alilimenya na kuligawa kati. Na jioni Mama Kwetu alirudi nyumbani akamwambia mumewe kwamba nchi ile mtu anaweza kuishi mpaka akafa asipate rafiki hata mmoja.

Mumewe alisikiliza, akaitikia, akaendelea kula. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno machache, na tangu siku ya kwanza alipafanya pale kuwa pake. Alikuwa na kinyozi wake, benchi lake kwenye bustani, wazee wake wa kucheza nao karata. Ng'ambo hakuipenda kwa kelele. Alizoea tu, kama mtu anavyozoea kiatu. Wala hakuwa ameitaka safari hiyo. Mkewe ndiye aliyesema twende, wakati ule wakiwa vijana, naye akafuata.

Sasa mkewe alianza kusema turudi. Dada yake mkubwa, aliyebaki nyumbani, alikuwa amewasimamia ujenzi mpaka nyumba ikaisha, na kila wiki alipiga simu kuuliza wanangoja nini. Mama Kwetu akaivalia njuga habari hiyo. Aliisema asubuhi wakati wa chai, akaisema kwenye basi, akaisema taa zikiwa zimeshazimwa. Mume alipiga chenga kwa muda mrefu. Mara angoje kustaafu, mara baridi ipungue, mara binti yao, mtoto wao wa pekee, aolewe kwanza. Baridi ikapungua. Mzee akastaafu. Binti akaolewa. Ndipo akaweka kijiko chini na kusema, "Sawa. Lakini ujue mimi nikienda nimekwenda."

Mama Kwetu alidhani amemshinda, na furaha ile ikamziba masikio asisikie alichoambiwa.

Binti alijaribu kwa njia yake. Alikuja siku ya mapumziko, akawasaidia kufunga vyombo, akawa anavifungua tena kwa kisingizio kwamba havikupangwa vizuri. Mwishoni alikaa juu ya boksi na kuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nikijaaliwa mtoto, nani atanishikia?"

"Utaniletea huko huko," mama akajibu. "Akulie kwenye jua, acheze na wenzake. Utanishukuru."

Binti akainuka, akaendelea kufunga vyombo. Na siku ya mwisho kazini, walipokunja shuka la mwisho, Mrefu alilishika upande wake kwa muda bila kuliachia. Akauliza kwa ile lugha yao ya kuokoteza nani atashika upande ule kesho. Mama Kwetu alicheka, akampiga begani, akamwambia watamletea kijana mwenye nguvu. Alikuwa na haraka, alitaka kupitia dukani kununua zawadi za watu wa nyumbani. Namba ya simu alisema atampa, kisha mlango ukajifunga nyuma yake.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu, hilo hakuna anayeweza kulikana. Watu walijaa sebuleni mpaka viti vikaazimwa kwa jirani. Kila mtu alikuwa shangazi wa fulani au mtoto wa fulani, na yeye alizunguka katikati yao akiwa na macho mekundu kwa kulia na kucheka. Kisha watu wakarudi kwenye shughuli zao, kama inavyostahili, naye akabaki na nyumba.

Nyumba ilikuwa na mwenyewe. Dada yake alikuwa ameishi humo tangu ilipoezekwa, akaichunga, akaipangilia, na jikoni kila sufuria ilikuwa na msumari wake. Mama Kwetu akishika ufagio, unachukuliwa. Akisimama kuosha vikombe, anaambiwa, "Kaa, mdogo wangu. Umefanya kazi huko mpaka umechoka, sasa pumzika." Ilisemwa kwa mapenzi ya kweli, na kwa hiyo hakuwa na pa kukasirikia. Alikaa. Alikaa sebuleni, akakaa barazani, akahamia kivulini nyuma ya nyumba, akakaa na huko pia. Mwanamke aliyesimama kutwa nzima mbele ya mashine kwa zaidi ya nusu ya umri wake sasa alipewa mto wa kuegemea.

Mashoga zake wa utotoni, mmoja alikuwa amefariki, mwingine amehamia kwa wanawe. Wa tatu walikutana, wakakumbatiana, wakakumbushana walimu wote na visa vyote, na mara ya pili walipokutana hawakuwa na la kukumbushana. Hata Kiswahili chake kilikuwa kimechacha. Alitumia maneno ya mitaani ya enzi za usichana wake, na wajukuu wa dada yake walimtaka ayarudie ili wapate kucheka.

Bila kujua alianza kusema kule. Kule basi likiandikwa saa mbili linafika saa mbili. Kule ukiingia ofisini unachukua namba unakaa. Kule hakuna mtu anayefungua mlango wako bila kugonga. Majirani hawakuchelewa kumpa jina la Mama Ng'ambo, na siku moja, wakichambua mchele, dada yake aliuliza bila kuinua macho, "Kama kule kuzuri hivyo, mbona ulirudi?"

Hakukuwa na ubaya katika swali lile. Ila lilimkwama kifuani, likakaa.

Jambo lililomchoma zaidi ni mumewe. Mtu ambaye hakutaka kuja alikuwa amenawiri. Wiki chache tu baada ya kufika, pampu ya maji ya jirani ilikufa, akaenda kuitazama kwa kutokuwa na kazi, akaifufua. Habari ikaenea. Ikawa haipiti asubuhi bila mtu kugonga geti amebeba pampu kama mgonjwa, na baba wa watu, aliyekuwa bubu kule, akawa anapiga soga barazani mikono ikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Alipata kinyozi mwingine. Alipata wazee wengine wa karata, na hawa walimwibia waziwazi, jambo lililompendeza sana.

Kisha binti akajifungua. Mama Kwetu alimwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza kwenye kioo cha simu, amefungwa kama furushi, picha ikikwama kila alipopiga miayo. Akaomba asogezwe karibu. Akasogezwa mpaka ikaonekana pua tu. Mtoto akakua humo humo ndani ya simu: akakaa, akasimama, akaanza kusema, na alichosema bibi yake hakukielewa vizuri. Kiswahili hakikuwemo. Binti alikuwa anarudi kutoka kazini jioni amechoka, na mtoto alilelewa na akina mama wa kituo cha kulelea watoto cha mtaani kwao. Alifundishwa kupunga mkono. Alipunga, akakimbilia vitu vyake.

Ilikuwa mchana mmoja baada ya simu kama hiyo ndipo alipomfuata mumewe barazani. Alikuwa ameifungua pampu vipande vipande juu ya gunia. Mama Kwetu akavuta kiti, akakaa kitako, akasema lile lililokuwa limemkwama.

"Baba, mimi nataka turudi."

Mumewe alifuta spana kwa kitambaa, polepole, upande huu na upande huu. "Nilikufuata kwenda," alisema. "Nikakufuata kurudi. Safari ya tatu utanisamehe, mama."

"Si ungenikataza wakati ule."

"Ningekukataza ungeninunia mpaka kaburini." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Unakumbuka siku tunakabidhi funguo za ile nyumba, nikakwambia nimesahau kofia, nikapanda tena juu? Kofia nilikuwa nayo mfukoni. Nilikaa chini, chumba kitupu, nikalia mpaka nikamaliza. Ndiyo maana hapa nimeweza. Wewe hukulia hata kidogo. Ulikuwa unacheka."

Mama Kwetu alikumbuka jinsi alivyompigia kelele kutoka chini ya ngazi kwamba teksi inangoja, na kofia zinauzwa hata kwao.

Alikwenda peke yake, kwa visa ya mgeni, maana karatasi zake za ukaazi zilikuwa zimekwisha nguvu. Binti alimpokea vizuri, akampa chumba cha mtoto. Mjukuu alimkagua, akaamua anafaa kupandiwa mgongoni, na jioni zilikuwa nzuri. Lakini mchana nyumba ilikuwa tupu, kila mtu ameshika njia yake, na yeye akakaa. Akagundua kwamba kukaa kule na kukaa nyumbani ni kukaa kulekule.

Siku moja alijikaza akaenda hospitalini. Chumba cha kufulia kilikuwa kimegeuzwa stoo; nguo sasa zilipelekwa nje ya mji kwa malori. Mlinzi wa zamani alimkumbuka. Mrefu aliacha kazi mwaka uleule alioondoka yeye, alisema, akaenda kwa mwanawe, au kwao, hakuwa na hakika. Namba yake hakuna aliyekuwa nayo. Mama Kwetu alishukuru, akatoka, akakaa kwenye kituo cha basi akaacha mabasi mawili yapite. Ndipo alipolia, na watu walimpita kwa adabu bila kumtazama, kama ilivyo kawaida yao.

Alimwambia binti yake kwamba angeweza kuomba kuongezewa muda, akae, amshikie mtoto. Binti alimshika mkono.

"Mama, kaa utakavyo. Lakini sitaki nikudanganye. Nilikuhitaji mwaka ule. Sasa tumeshajipanga."

Alirudi muda wa visa ulipokwisha. Mumewe alimpokea, akabeba sanduku mpaka chumbani, akauliza habari za mtoto na hakuuliza za kitu kingine, na kwa hilo alimshukuru kimoyomoyo. Dada yake alimtengea chai, na alipotaka kuosha kikombe, akanyang'anywa.

Baada ya miezi michache, binti wa jirani alipata kazi ng'ambo, akaja kuaga na kuuliza kama bibi ana neno la kumfundisha. Mama Kwetu alifungua mdomo. Yalikuja mengi kwa pamoja, yanapingana, akayameza. Akaingia chumbani akalitoa sanduku lake chini ya kitanda, lile kubwa la magurudumu, akamwonyesha zipu ya upande wa kushoto kwamba ina ukaidi, isivutwe kwa nguvu.

"Nichukue kabisa, bibi? Wewe hutalihitaji?"

"Chukua," alisema.

Binti akaondoka akiliburuta, magurudumu yakigonga kokoto za njia. Mama Kwetu alisimama getini akimtazama, na kabla hajafika hata kwenye kona, alikuwa ameshaanza kulijutia.