Siku Niliyomwangusha Barasa

Mwanangu, wewe unayezunguka hapa mtaani Bani Malik ukijisifu kwamba kafili, mwajiri aliyekuleta huku, anakupenda kuliko ndugu zake, hebu kaa nikusimulie siku moja ya Riyadh. Miaka imepita, na bado inanitoa machozi.

Nilikuwa kijana mtunza farasi, kichwa kigumu kama wewe. Kafili wangu alikuwa amefukuzwa na mdogo wake kwenye mabanda ya farasi ya marehemu baba yao, nami nikaapa atarudi, utadhani marehemu alinizaa mimi. Barasa, tuliyetoka naye kijiji kimoja, alifanya kazi kwa yule mdogo. Kila Ijumaa tulisonga ugali pamoja chumbani kwa binamu yake, mtaa wa Al-Suwaidi.

Asubuhi moja kafili akatutuma watu watano tukachukue farasi wa baba yake kwa nguvu. Mwalimu wetu wa farasi, mzee kutoka Skotlandi, akashika hatamu za farasi niliyempanda, kunizuia.

“Babu zangu walipigana juu ya farasi kumrudisha mfalme aliyefukuzwa,” akasema. “Mapigano madogo, ya dakika chache tu. Mfalme akakimbilia ng'ambo, wao wakabaki kaburini. Shuka, kijana.”

Nikamcheka.

Wenzetu wa upande wa pili walitoka kutuzuia, nao wamepanda. “Yalla!” nikapiga kelele, nikamtimua farasi bila kutazama aliye mbele yangu. Tuligongana mara moja tu. Aliyeanguka chini ya kwato alikuwa Barasa.

“Ni wewe?” akaniuliza.

Alikata roho kabla ambulensi haijafika, na ikaandikwa kuwa ni ajali.

Wiki hiyohiyo ndugu wale wawili wakapatana, wakala sinia moja. “Halas, yamekwisha,” kafili akaniambia, akinigusa bega. Hakuuliza hata jina la marehemu.

Nilimpigia simu mama yake Barasa, nikamwambia farasi alimwangusha. Alilia sana, kisha akanishukuru kwa kuwa karibu na mwanawe. Naye ameshafariki, akiniombea mpaka mwisho. Sina tena wa kumwomba msamaha, mwanangu, na sioni nitapumzika lini.

Basi nisikilize. Mfanyie kafili kazi yake vizuri, lakini ugomvi wa nyumba yake usiuvae. Akikutuma ukamuumize mwenzako, kataa, hata akitishia kukufutia ikama, kibali chako cha kuishi huku. Mungu akulinde, na siku ya kurudi kwenu umtazame mama wa mwenzako machoni bila kumficha kitu.