Wiki Kumi za Kumchunguza Kasuku

Kosa lenyewe ni hili, na lisemwe mapema lisije likazungushwa. Wifi mtu aliandika kwa mkono wake, kwenye karatasi za chuo, kwamba Mama Kasuku humfungia mtoto ndani kutwa nzima, hamsemeshi, na kwamba mtoto huyo wa miaka minne hawezi kuunganisha maneno matatu. Aliandika huku akijua ni uongo. Aliandika akiwa ndani ya nyumba ya mama huyohuyo, ameshiba chakula chake, amevaa nguo iliyopigwa pasi na mikono yake.

Na mtoto anayesemwa aliitwa Kasuku kwa sababu hanyamazi.

Mama Kasuku hufua na kupiga pasi nguo za watu nyumbani kwake, chumba cha mbele, kwa pasi mbili za mkaa zinazopokezana: moja ikiwa mezani, nyingine inapata moto. Shule hakwenda. Anajua kuandika jina lake tu, tena kwa kulichora. Nguo za wateja anazitambua kwa kola, kwa vifungo na kwa harufu, na hajawahi kumpa mtu shati la mwenzake.

Kasuku alikulia chini ya meza ile. Kutwa alikuwa akiongea na nguo. "Wewe koti la dawa, kaa wima, unachelewa kazini," aliliambia koti jeupe la jirani yao muuza dawa. Suruali ya mwenye duka aliigombeza kwa kuwa na mfuko uliotoboka, akaiuliza hela za watu imezipeleka wapi. Wateja walisimama mlangoni kumsikiliza, wakasahau walichofuata. Kati ya chumba hicho na ukumbi wa nyuma, lilikokuwa jiko, baba yake ambaye ni fundi ujenzi alipigilia ubao wa kimo cha goti, mtoto asivuke kwenda kuchezea makaa. Kifungo chote kilikuwa hicho, ubao wa gotini.

Wifi alikuja na sanduku moja. Alikuwa na shahada ya mambo ya biashara, na miaka mitatu ya kuzunguka nayo maofisini bila kupata kitu. Ndipo akasikia chuo kinachukua wenye shahada yoyote, wasome mwaka mmoja wa ziada, watoke na cheti cha kutambuliwa kuwa walimu wa watoto wadogo. Kaka yake, aliyekuwa anajenga mbali na kurudi mwisho wa mwezi, alisema akae hapo hadi amalize. Mama Kasuku hakuwa na neno. Alimpisha chumba cha mtoto, akampa na meza ndogo ya kuandikia.

Muhula wa pili wifi alirudi na fomu.

"Wifi, tumeambiwa kila mtu atafute mtoto mmoja amchunguze wiki kumi. Nikasema niende wapi na Kasuku yupo?"

"Kumchunguza vipi? Anaumwa?"

"Hapana, jamani. Namtazama anavyocheza, naandika. Wewe weka saini hapa tu, kwamba umekubali."

Mama Kasuku alifuta mikono kwenye kanga, akachora jina lake. Alijisikia vizuri kidogo, kusema kweli. Mtoto wake amekuwa somo la chuo.

Wiki ya kwanza wifi alikaa kwenye kigoda na daftari, akaandika kila alichosema Kasuku mpaka mkono ukamuuma. Wiki ya pili akaanza kununa. "Mtoto wako hana kitu, wifi. Msimamizi anataka tatizo. Nilitaje, nimwandalie mpango, kisha nionyeshe alivyobadilika. Sasa huyu nimbadilishe nini?"

"Mbadilishe anyamaze, nipige pasi kwa amani," Mama Kasuku akasema, wakacheka wote wawili.

Wiki ya tatu wifi hakuketi tena kwenye kigoda. Alikuwa akirudi kutoka chuoni, anajifungia, anaandika. Mama Kasuku alimpelekea chai mlangoni akimhurumia kwa kazi nyingi.

Barua ilikuja wiki ya tisa, ikiwa na muhuri wa ofisi ya ustawi wa jamii. Mleta barua alimkabidhi Mama Kasuku, naye akampa wifi asome kama alivyozoea. Wifi aliisoma kimya. Kisha akaisoma tena. Karatasi ikawa inatikisika na upepo haupo.

"Wanasema nini?"

"Aa, utaratibu tu. Kuna afisa atakuja wiki ijayo kuangalia watoto. Wanapita nyumba nyingi."

Mama Kasuku hajui kusoma karatasi ila mikono anajua kuisoma. Alisubiri wifi aende chuoni, akaitoa barua chini ya godoro la wifi, alikokuwa ameificha, akaichukua pamoja na makoti meupe ya muuza dawa. Muuza dawa ni mtu wa utani, akaanza kumtania kwamba siku hizi anatumiwa barua za mapenzi. Alipofika mstari wa pili utani ukamkauka. Akafunga mlango wa duka, akasoma kwa sauti ya chini: ofisi imepokea taarifa kutoka chuoni ya mtoto anayefungiwa kwa kizuizi, asiyesemeshwa, aliyechelewa kuongea, afisa atafika, ikithibitika, mtoto anaweza kuondolewa nyumbani na kupelekwa kwenye makao.

"Rudia hapo kwenye kuondolewa," Mama Kasuku akasema. Muuza dawa akarudia. Mama Kasuku akakalia boksi la sabuni akiwa bado amekumbatia makoti, yakajikunja yote.

Wifi aliporudi alikuta barua mezani, juu ya nguo. Hakukana. Alikaa chini sakafuni akalia.

"Nilidhani inabaki kwa msimamizi, wifi. Ilikuwa kazi ya chuo tu. Hata jina sikuandika, yeye ndiye aliyenibana kwamba sheria inamlazimu kupeleka taarifa, ikabidi niseme ni nani."

"Ulishindwa kumwambia umetunga?"

Wifi alifuta machozi kwa kiganja.

"Basi kesho twende wote. Ukaseme."

"Nikisema nimetunga wananifukuza, wifi. Mwaka mzima unapotea. Afisa akija atamsikia Kasuku mwenyewe, atacheka aondoke. Nikishapata cheti nitaenda kueleza kila kitu. Haki ya Mungu."

Mama Kasuku alimpigia mumewe simu. Mume alivuta pumzi ndefu huko aliko. "Ni mdogo wangu, Mama Kasuku. Usimharibie. Si atamsikia mtoto anaongea? Tatizo liko wapi?"

Tatizo liko wapi. Yeye hakuwepo wiki ile. Wiki ile kila gari likipunguza mwendo nje, Mama Kasuku aliacha pasi na kumtafuta mtoto kwa macho. Aliunguza kola mbili, kitu ambacho hakijatokea tangu ajifunze kazi. Akaanza kumfundisha Kasuku. "Mgeni akija usiseme ovyo, umesikia? Usiongee na nguo. Usimwambie chochote kuhusu ubao. Ukikosea watakuchukua." Alimwambia mara mia. Hakuona macho ya mtoto yanavyozidi kutoka, kwa kuwa ya kwake yalikuwa yametoka zaidi.

Asubuhi ya siku yenyewe akafanya jambo jingine, ambalo mpaka leo akilikumbuka hujipiga kofi la paja. Aliung'oa ubao kwa nyundo, akaufukia chini ya kuni uani.

Afisa alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye faili la kijani na viatu vilivyochoka. Hakuja kwa ubaya. Alikaa, akamshukuru kwa maji, akachuchumaa mbele ya Kasuku.

"Hujambo, mama mdogo? Unaitwa nani?"

Kasuku alimtazama mama yake.

"Unapenda kucheza nini?"

Kasuku alimtazama mama yake tena. Midomo aliibana kama mtu aliyeficha kitu mdomoni.

"Jibu, mwanangu," Mama Kasuku akasema. "Ongea. Mwambie koti la dawa." Sauti ilimtoka kwa ukali asioutaka, na mtoto akaanza kutetemeka. Mkojo ukamchuruzika miguuni mpaka sakafuni.

Afisa alifungua faili. Aliandika. Kisha akasimama, akapita mlango wa ukumbi, akashika fremu. Mbao ilikuwa na matundu mapya ya misumari, manne upande huu, manne upande ule.

"Hapa palikuwa na nini, mama?"

"Ubao."

"Uko wapi?"

"Nimeutoa."

"Lini?"

Mama Kasuku alimtazama wifi, aliyekuwa amesimama karibu na meza ya pasi na mikono nyuma. Huu ulikuwa wakati wake. Neno moja tu lilitosha, na wala halikuhitaji kuwa refu. Afisa naye akageuka.

"Wewe ndiye mwanachuo uliyemchunguza? Unaonaje hali?"

Wifi akamgeukia afisa. "Ameendelea vizuri tangu nianze kumsaidia," akasema. "Mwanzo ilikuwa mbaya zaidi."

Mama Kasuku hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza, akaushika pale pasi ilipokuwa imeegemea, na vidole vikaungua bila yeye kujua hadi baadaye.

Uamuzi ulikuwa huu: mtoto abaki nyumbani kwanza. Uangalizi wa miezi sita, afisa kupita kila wiki mbili bila kutoa taarifa. Likionekana jambo lolote, mtoto anachukuliwa.

Jambo lolote. Hebu mlee mtoto wa miaka minne chini ya maneno hayo mawili. Mwezi wa kwanza Kasuku alianguka kwenye ngazi za nje, akachubuka kidevu. Kidonda cha ukubwa wa kifungo cha shati. Mama yake alimweka ndani siku tatu, mlango umefungwa kwa komeo, ili afisa asimkute na kidonda hicho barabarani. Siku ya pili, akiwa ameinama juu ya shuka, alitambua amefanya nini. Alikuwa amemfungia mtoto. Na chumba kilikuwa kimya. Chini ya meza Kasuku alikuwa amekaa na shati mapajani, analikunja, analikunjua, halisemeshi.

Tangu hapo hofu zake zikawa mbili. Anaogopa afisa atauamini uongo, na anaogopa kwamba kila siku inayopita uongo wenyewe unapungua kuwa uongo. Akimwachia mtoto acheze nje, anaweza kuumia. Akimweka ndani, ndiyo yaliyoandikwa. Akimbembeleza aongee, mtoto anamtazama kwanza usoni kuona kama inaruhusiwa. Wateja siku hizi wanachukua nguo zao na kuondoka.

Wifi alifaulu. Kazi ile ya wiki kumi ilisifiwa, alisema mwenyewe, kwa jinsi ilivyoonyesha mabadiliko. Siku ya kupewa cheti alileta joho lipigwe pasi, na Mama Kasuku alilipiga, kwa sababu mume alikuwa amerudi na ameketi palepale anatazama. Alilipiga kwa kitambaa cha maji juu yake, taratibu, likatoka halina mkunjo hata mmoja. Wifi alipokuja kulichukua, Mama Kasuku alimshika kiwiko.

"Cheti umepata. Sasa twende."

"Wifi, ndiyo kwanza nimepewa darasa. Nikienda sasa wanakifuta. Ngoja miezi minne, nithibitishwe kazini."

"Uliapa."

"Sijakataa, wifi. Nimesema ngoja."

"Mngoje," mume akasema, bila kuinua macho. "Miezi minne si mingi."

Sasa wifi amepanga chumba karibu na shule anayofundisha. Ana watoto ishirini na wanane, wanamwita Mwalimu, na wazazi wao wanamwamini kwa cheti kilichoning'inizwa ukutani. Akipita mtaani huvuka upande wa pili wa barabara. Simu hapokei.

Faili la kijani bado liko wazi. Muuza dawa amesema yuko tayari kwenda kushuhudia kwamba mtoto alikuwa anaongea, lakini afisa amemweleza kwa upole kwamba maneno ya mzazi wala ya jirani hayafuti maandishi ya mchunguzi. Anayeweza kuyafuta ni aliyeyaandika. Kutoka shuleni kwa wifi hadi ofisi ya afisa ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Zimebaki ziara tano. Wifi anadaiwa safari hiyo moja, na sentensi moja atakayoisema akiwa amesimama mbele ya faili hilo: nilitunga. Kaka yake anadaiwa kumshika mkono na kumpeleka. Hakuna aliyelipa.