Ripoti Nane Kutoka Biliqo

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikiona wawili wananong'ona kando ya duka, najua ninasemwa mimi. Tabia hiyo ilinifaa kazini, maana anayetengeneza programu lazima ashuku kila kitu, hasa alichokiandika mwenyewe.

Mimi na rafiki yangu wa tangu shule tulikuwa tumetengeneza programu ya simu inayowaonyesha wafugaji wa Isiolo visima vyenye maji. Ilikuwa programu huria: yeyote aliruhusiwa kuisoma, kuirekebisha na kutuambia palipoharibika. Ugomvi wetu ulikuwa hapo pa kutuambia. Rafiki yangu, Mborana wa mtaa wa Kiwanjani, alitaka watu waendelee na jukwaa la mazungumzo. Mimi jukwaa lile nililichukia. Mtu alianza na salamu, akaingia kwenye mvua, harusi na miguu ya mama mkwe, na wewe unatafuta tu kama kisima kimekauka. Nilitaka orodha ya hitilafu: fomu fupi, kila tatizo na namba yake, likiisha linafungwa na mfumo unamjulisha aliyeripoti.

"Watu wetu hawaanzagi na shida," aliniambia. "Utawauliza shida, watakwambia hakuna. Wacha waongee kwanza."

"Hii ni kazi, si baraza," nikamjibu.

Nilishinda kwa sababu nywila ya tovuti ilikuwa kwangu. Nilipolifunga jukwaa, alisema "sawa" tu, na sawa hiyo ndiyo iliyonitia wasiwasi. Mtu aliyebishana nawe mwezi mzima hasemi sawa bure.

Wiki ya pili ripoti zikaanza kuingia kutoka kijiji cha Biliqo. Kwenye orodha huonekana mstari wa kwanza tu wa kila ripoti, na ya kwanza ilisema: "Nagaa. Hakuna shida." Yaani amani tu. Ya pili vilevile. Kufikia Ijumaa mchana zilikuwa nane, zote za amani. Nani hujaza fomu ya matatizo kusema hana tatizo? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaamini huyu jamaa amewapigia simu shangazi zake wote huko wanichafulie orodha, ili nirudishe jukwaa lake. Nikazifunga zote nane bila kufungua hata moja, na nakiri niliona raha.

Jumatano iliyofuata niliamua kumkabili. Nilitaka ushahidi, kwa hiyo nikazifungua nikitafuta alama ya mkono wake. Nilianza na ile ya mwisho, iliyoingia Ijumaa asubuhi. Ilikuwa ndefu. Mwandishi alikuwa mama mmoja. Watoto ni wazima, mbuzi ni wazima, mvua haijafika lakini Mungu yupo, na wazazi wenu wanaendeleaje? Kisha, chini kabisa: kisima mnachoonyesha kwenye ramani kimekauka, nimeambiwa sasa hivi, na mzee wangu ameshaondoka na ng'ombe kwenda huko.

Zile saba nyingine nazo zilikuwa na shida mkiani.

Nimezaliwa mji huu wa Isiolo. Salamu hizo nimeziitikia tangu utoto, na najua kwamba mtu mwenye adabu hakutupii msiba mlangoni. Anauleta ndani, mnakaa, ndipo anaufungua. Nilijua kabisa. Lakini kumshuku rafiki yangu kulikuwa rahisi kuliko kusoma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Namba ya yule mama ilikuwa kwenye fomu. Nikampigia.

"Salaam aleikum, mama."

"Waaleikum salaam." Akauliza habari za nyumbani, za kazi, za mji. Nikajibu zote. Ndipo nikajitambulisha na kumuuliza kuhusu mzee.

"Amerudi jana. Ng'ombe kumi na mbili zilibaki njiani kwa kiu."

Nikaomba msamaha. Nikamwambia kosa ni langu, kwamba sikuisoma ripoti yake. Akasema polepole, bila hasira, na heri angenitukana.

"Mimi nilikuwa nimeambia shemeji achukue pikipiki amfuate mzee, amrudishe. Alikuwa ameshawasha. Halafu kwa simu ikaingia ujumbe yenu: ripoti yako imeshughulikiwa, asante. Nikamwambia zima pikipiki. Hawa watu wa Isiolo wameshamaliza hiyo maneno."