Miguu ya Mshika Fimbo

Mama mdogo ni mpima ramani. Nyumbani meza ya chakula ni yake. Sisi tunakula tumepakata sahani, maana karatasi zake haziguswi. Mumewe, baba mdogo, ndiye mshika fimbo wake: ile ndefu yenye namba, inayosimamishwa kule mbali ili yeye aisome kwa darubini.

Sheria yao ilikuwa moja. Ukishasimamisha fimbo, unatulia kama nguzo mpaka mama mdogo ashushe kitambaa chekundu. Kwa baba mdogo, na utani wake wote, hiyo ni adhabu.

Siku moja tulikuwa kwenye kisiwa kisicho na watu, tunapima ufuo na vijito vyake. Ilibaki pointi moja, ng'ambo ya mdomo wa kijito, na maji yalishaanza kujaa. Baba mdogo akavuka, akasimamisha fimbo kwenye tope. Mara akapunga mkono.

"Mwone! Hata leo?" mama mdogo akasema, jicho kwenye darubini. "Tulia, bwana wee!"

Mawimbi yalimeza sauti zote, yake na yetu.

Akasoma namba, nikaandika. Akarudia, kama kawaida yake. Namba imepanda. Akasonya, akakagua pima maji ya darubini. Kiputo kimekaa katikati. Akasoma tena. Imepanda tena.

"Darubini haijasogea," akasema polepole. "Fimbo ndiyo inashuka. Anazama yeye."

Ndani ya darubini alikuwa anaona fimbo tu. Sasa akainua jicho, akamwona mumewe, yaani nusu yake. Tope lilikuwa kiunoni, na maji yanamjia.

Akakimbia na viatu vyake, akaingia majini hadi kifuani. "Ilaze fimbo! Ilalie!"

Baba mdogo akailaza, akaikumbatia, akajivuta. Mguu mmoja ukatoka. Wa pili ukagoma, maji yakamfika kidevuni. Mama mdogo akamshika makwapani, anavuta huku analia na kumtukana.

Ukatoka, bila kiatu.

"Mimi nakuaga," baba mdogo akasema, anahema, "wewe hushushi kitambaa, eti nitulie."

Hakucheka mtu.

Pointi ile haimo kwenye ramani. Na siku hizi, kabla ya kusoma namba yoyote, mama mdogo anainua kitambaa kwanza, na mumewe anainua miguu, mmoja baada ya mwingine, kwa madaha kama bwana harusi. Mama mdogo hacheki mpaka aone nyayo zote mbili.