Mchora X wa Kiboriloni

Yule baba anayechora X kwenye nyumba za huku Kiboriloni zinazotakiwa kupisha upanuzi wa barabara, sikuwa nimewahi kusikia sauti yake. Anatikisa kopo, anapangusa brashi kwenye suruali, anachora, anahamia kwa jirani. Jana akafika kwetu. Bibi alimsubiri mlangoni na jani la isale. Mchagga akishalipokea hilo hawezi kukataa anachoombwa, hata kama ni msamaha.

“Shika, mwanangu. Niachie nyumba yangu.”

Mikono ikarukia nyuma, rangi nyekundu ikamdondokea kisiginoni. “Shikamoo, bibi. Usinipe hilo, nakuomba!”

Barabarani foleni ilikuwa inapiga honi tu. Akachora, X ikatoka imepinda. Kisha akachuma isale kwenye uzio wetu, akapiga magoti, akamnyooshea bibi.

Bibi naye akaficha mikono nyuma.