Zamu ya Redio Kunyamaza

Msimamizi wa karakana yetu ya ushonaji tulimpachika jina la Redio, na hakuchukia. Anaongea akikata kitambaa, anaongea na pini zikiwa mdomoni. Mkewe alipofariki, ndiyo akazidisha. Binti yake wa pekee, aliyehamia mji mwingine kikazi, alikuwa akimpigia kila jioni, baadaye mara mojamoja, kisha hata hiyo ikakatika. Simu ya Redio hulala kando ya mkasi, na ikiita anairukia. Huwa ni mteja. Roho iliniuma kila nilipouona uso wake ukinywea.

Siku hizo karakana nzima tulikuwa hatuivi chungu kimoja, basi mwenye mali akampeleka Redio semina. Akarudi na zoezi la kimya. Kila mtu aandike kwenye karatasi anachotamani, aibane kwa pini kwenye sanamu la kujaribia nguo. Kisha, bila neno, yeyote ahamishe zinazofanana zikae pamoja, tupate kuelewana. Kutueleza jinsi ya kunyamaza kulimchukua asubuhi nzima, chai ikapoa.

Tukaandika. Begani walibana wanaotaka feni. Kifuani zikajazana za wengine: nisikilizwe, niulizwe kwanza, niachwe nimalize ninachosema. Redio alizisoma akitabasamu, kana kwamba hazimhusu. Yake aliibana mgongoni, peke yake: "Natamani binti yangu anipigie."

Mimi ndiye mpiga pasi, meza yangu iko jirani na yake, na enzi binti akipiga, simu zao nilizisikia. Baba alimwaga habari za karakana mpaka chaji ikaisha. Binti aliambulia "ndiyo, baba". Nikaichomoa karatasi ile, nikalizunguka sanamu, nikaibana kifuani katikati ya zetu.

Redio akafungua mdomo. Wote tukaweka kidole mdomoni. Sheria ni yake mwenyewe, atafanyaje? Akazisoma upya, moja baada ya nyingine, na safari hii hakutabasamu.

Mchana akampigia binti yake. Akamuuliza habari zake, kisha akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikaisikia sauti ya binti:

"Baba, upo? Mbona huongei?"

"Nipo, mama," akasema. "Nakusikiliza wewe."

Binti akaanza kuongea. Nikaizima pasi yangu, maana mvuke wake una kelele.