Meza ya Shemeji Niliyoinyoosha

Jamani, nimemfanyia shemeji yangu wema, na leo sijui pa kuficha uso.

Juzi alitoka Kerende na meza aliyoitengeneza mwenyewe, ubao mmoja mpana wa mninga. Akaiacha kwenye karakana yangu hapa Nyamongo nimpigie vanishi tu.

Nikaiangalia. Kingo zimepinda vile vile mti ulivyoota, na magome bado yapo.
Nikasema moyoni, masikini, hana mashine. Hii nani atanunua?

Nikaipitisha kwenye msumeno. Ikanyooka kama mlango. Randa, msasa, vanishi, ikang'aa.

Leo asubuhi kaja kuichukua. Nikamwagizia chai kwa mama ntilie wa jirani, nikaanza kumshauri mambo ya bei.
"Sasa hii hata laki unaitaja bila aibu, shemeji. Ile ya mwanzo ungebembeleza watu."

Alipitisha kiganja ukingoni, taratibu, kwenda na kurudi.

"Mteja ni wa kambi ya watalii kule Natta," akasema. "Alichopenda ni ule upande uliopinda. Nilizunguka sana kuupata mti wa hivyo."

Angenifokea ningepumua. Lakini kwetu shemeji hamfokei shemeji.
Akauliza tu, kwa heshima, "Vipande ulivyokata viko wapi? Labda tutavigundisha."

Nikatazama kikombe mkononi mwake.
Vipande nilimpa mama ntilie. Ndivyo vilivyochemsha hiyo chai.

Nyie mngemjibu nini?
Mimi nilimwongezea sukari.